Bei Iliyo Sahihi ya Nyumba ya Bi Mwanakuu

Inatangazwa kwa wakazi wote wa Kisiwa cha Mombasa kwamba kuanzia tarehe mosi Machi 1995, hakuna mwenye nyumba atakayeruhusiwa kuitajia bei nyumba yake mwenyewe. Imethibitika, baada ya uchunguzi wa kina, kwamba mwenye nyumba ndiye mtu wa mwisho kujua thamani yake, kwa sababu anaipenda. Bei zote zitatolewa na Idara ya Bei Iliyo Sahihi, ghorofa ya nne. Lifti haifanyi kazi.

Aliyelibandika tangazo hilo ukutani, kwa gundi ya unga aliyoikoroga mwenyewe, alikuwa Bwana Lennox Kadenge, Afisa wa Bei Daraja la Pili. Lennox alikuwa mtu wa Kaloleni, mwana wa mwalimu, na alikuwa amehamishwa kutoka idara ya mizani, ambako kwa miaka tisa alikagua vipimo vya wauza nyanya sokoni bila kupokea hata nyanya moja. Aliamini kwamba jambo likishaandikwa kwenye fomu limekwisha kuwa kweli. Watu wa aina hii ni wachache, na ni hatari kuwaweka serikalini, lakini wakati anaajiriwa hakuna aliyemuuliza.

Huko Kibokoni, wazee wa barazani walilisoma tangazo mara mbili.

"Yaani nikitaka kuuza nyumba yangu, nisiseme bei?" akauliza mmoja.

"Useme nini, nawe huijui?" akajibu mwenzake, wakaendelea na kahawa yao.

Nyumba ya kwanza kuombewa bei ilikuwa ya Bi Mwanakuu, mjane wa miaka sabini na kitu, hapo hapo Kibokoni. Ilikuwa nyumba ya mawe, yenye duka lililofungwa chini na makazi juu, na kati ya chini na juu palikuwa na ngazi kumi na tisa. Hizo ngazi ndizo zilizokuwa zikiiuza nyumba. Magoti ya Bi Mwanakuu yalikuwa yamegoma, na tangu Maulidi ya mwaka uliopita hakuwa amekanyaga njia. Samaki, mkate na dawa vilimfikia kwa kikapu alichokiteremsha dirishani kwa kamba. Binti yake Fadhiya alikaa Tudor, na ombi pekee la mama huyu katika dunia hii lilikuwa nyumba ya chini, isiyo na ngazi, karibu na binti yake, kabla hajageuka kuwa mtu wa kuteremshwa kwa jeneza.

Mnunuzi alikuwapo. Bwana Badawi, muuza vitambaa wa nyumba ya ng'ambo ya kichochoro, alikuwa akimwoza binti yake na alimtaka akae karibu. Alisema laki tisa, Bi Mwanakuu akasema sawa, wakasoma fatiha, wakanywa kahawa. Shughuli nzima ilichukua chini ya saa moja, jambo ambalo Idara iliona ni la kusikitisha.

Lennox alifika Jumanne saa tatu asubuhi, na tepu ya kupimia, kipimajoto, na Fomu B yenye vipengele sitini na kimoja.

"Hodi, hodi wenyewe."

"Hodi, karibu. Panda, mwanangu, mimi kushuka siwezi."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Wajionaje? Watu wa kwako hawajambo? Mama yuko? Ndoo hapa uketi. Kahawa hii hapa, na kaimati ni za sasa hivi."

Badawi naye alikuwa amekuja kushuhudia, amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Lennox aliketi, akaifungua fomu juu ya goti, akawauliza kama wao wawili wameridhika na hiyo laki tisa.

"Tumeridhika," akasema Badawi.

"Nyote?"

"Sote. Hata fatiha tumesoma."

Lennox akaandika, huku akitikisa kichwa. "Hapo ndipo penye tatizo, bwana. Katika mauzo yaliyo sahihi, mmoja lazima abaki na manung'uniko. Mkiridhika nyote, maana yake kuna aliyedhulumiwa, na bado hajajulikana."

Badawi akatazama chini kumtafuta aliyedhulumiwa, asimwone.

Lennox akaanza kazi. Alipima kuta, akahesabu boriti, akaweka kipimajoto ukumbini, akaandika kwamba upepo wa kaskazi unaingia bila kibali. Thamani ya mawe, chokaa na miti ilifika shilingi laki sita na arobaini elfu. Hiyo, alieleza, ilikuwa bei ghafi. Sasa wangeingia kipengele cha thelathini na nne.

"Bibi, umekaa humu muda gani?"

"Miaka hamsini na mitatu, mwanangu. Nililetwa humu bi harusi."

Lennox akapiga kijistari.

"Boriti hiyo uionayo, marehemu aliifungia pembea ya wana. Nimezaa wana sita humu humu, chumba hicho cha ndani. Na pale penye alama za makaa ukutani, ndipo tulipokuwa tukiwapima kimo kila Idi."

Lennox akapiga vijistari vinane, akamwomba aendelee. Bi Mwanakuu alifurahi. Ni mara ngapi mtu wa serikali huja nyumbani kwako akakuuliza habari zako na akaandika majibu? Akamwambia kuhusu siku ya Uhuru, redio ikiwa imewekwa dirishani mtaa mzima usikie. Akamwambia kuhusu kasuku wa marehemu, aliyejifunza kuwajibu wageni wa mlangoni "Hayupo, ametoka", hata shemeji mtu akasusa miaka miwili.

"Huyo kasuku yuko wapi?"

"Alikufa, maskini."

"Hizo ni mbili," akasema Lennox. "Kuishi kwake na kufa kwake."

Kahawa ilipokwisha, vijistari vilikuwa arobaini na sita. Lennox akasafisha koo. Alieleza kwa upole, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, kwamba kipengele cha thelathini na nne ni Makato ya Kumbukumbu. Serikali haiwezi kumwacha mnunuzi alipie harusi za watu wengine na kasuku asiyemkuta. Kila kumbukumbu ya mwenye nyumba hukatwa shilingi elfu kumi. Bei iliyo sahihi ya nyumba hii, basi, ni laki moja na themanini elfu.

Bi Mwanakuu aliitazama fomu, kisha akautazama mkono wake uliomkaribishia kaimati mtu huyo.

"Laki na themanini," akasema polepole. "Hiyo Tudor hainipi hata choo."

"Mimi natoa laki tisa yangu," akasema Badawi. "Sitaki kupunguziwa. Nimekulalamikia mimi?"

"Bwana Badawi, kulipa zaidi ya bei iliyo sahihi ni kosa. Kifungo cha miezi mitatu, kwako na kwa bibi."

"Basi mimi 'tafia juu huku," akasema Bi Mwanakuu, na machozi yakamtoka. Hakuyaficha wala hakuyafuta.

Lennox aliumia. Aliipekua fomu kurasa zote nne akitafuta nafasi ya huruma, asiipate. Alipiga mhuri, akabaki ameketi, maana kuondoka mara moja kungekuwa utovu wa adabu.

Baada ya kitambo Bi Mwanakuu akajipangusa uso kwa ncha ya leso. "Na mnunuzi naye, mwanangu, haulizwi kitu?"

"Huulizwa, bibi. Mnunuzi ana Fomu C. Muuzaji hukatwa kwa anachokumbuka, mnunuzi huongezewa kwa anachokitamani. Kila mpango alio nao juu ya nyumba ni shilingi elfu hamsini. Inaitwa Nyongeza ya Hamu."

"Na bwana huyu Badawi?"

Badawi akaulizwa ana mpango gani. Akasema binti yake atakaa na mumewe. Lennox akaandika "kukaa", akatafuta kwenye jedwali, akasema kukaa si mpango.

Bi Mwanakuu akalitazama lile jedwali. Kisha akamuuliza Lennox kama aongezwe kahawa.

Fomu ilipanda ghorofa ya nne, ikafika mezani kwa Mkurugenzi Benard Kavumbi, ambaye kwa kawaida alizitia sahihi fomu bila kuzisoma. Hii aliisoma. Nyumba ya mawe, Kibokoni, roshani ya mbao inayoelekea bandari ya kale, laki moja na themanini elfu. Aliisoma mara ya pili akiwa amesimama.

Yafaa isemwe hapa kwamba Mkurugenzi Kavumbi hakuwa na tamaa. Alikuwa na dira. Alimwita Lennox, akamwambia kwamba kwa manufaa ya umma yeye mwenyewe atajitolea kuinunua nyumba ile, ili wananchi waone kwamba viongozi wana imani na bei za Idara.

"Ni heshima kubwa kwa Idara, mzee," akasema Lennox, na alimaanisha. "Nitaleta Fomu C."

"Leta fomu zote uzitakazo."

Walikwenda Ijumaa asubuhi. Mkurugenzi alizipanda zile ngazi kumi na tisa kwa vituo vitatu, akafika juu akitweta na suti imemganda mgongoni. Bi Mwanakuu alikuwa amevaa leso mpya na kujipaka wanja. Sahani za vibibi na mkate wa sinia zilikuwa zimepangwa, na kiti kizuri kuliko vyote kilikuwa kimewekwa katikati ya roshani, palipo na upepo.

"Karibu, baba. Mtu mkubwa kama wewe kunipandia mimi? Keti, pumzika. Wapenda sukari nyingi?"

Mkurugenzi akaketi. Akatazama bandari ya kale, akatazama paa za Kibokoni, akavuta pumzi. Upepo ukampepea.

"Mzee," akaanza Lennox, "kabla hujasema lolote, Fomu C inataka..."

"Lennox, wewe andika tu. Usiniingilie."

Lennox akashika kalamu.

"Nyumba nzee hii, baba," akasema Bi Mwanakuu kwa unyonge. "Hata sijui mtu kama wewe utaifanyia nini."

"Mama, nyumba hii ni mali," akasema Mkurugenzi. "Hapa roshani nitaweka meza sita. Watalii wanywe kahawa wakiangalia maji."

Lennox akapiga kijistari.

"Meza sita. Nao ukumbi huo wa giza?"

"Ukumbi nautia taa za rangi. Huku, kaunta ya vinywaji baridi. Kule, duka la vinyago."

"Ala. Na vyumba vya ndani? Vidogo mno."

"Navunja ukuta huu. Vinakuwa vyumba vinne, kila kimoja na bafu lake. Maji ya moto."

"Ya moto, Mombasa hii?" akauliza Bi Mwanakuu kwa mshangao wa heshima. "Wewe una akili, baba. Kula kibibi. Na huko darini juu, si patupu tu?"

Mkurugenzi hakuwa amefikiria darini juu. Sasa alifikiria. Alifikiria bustani ya vyungu, bendi ya taarabu kila Jumamosi, na kidimbwi cha kuogelea cha ukubwa wa wastani. Kila aliponyamaza, Bi Mwanakuu alimwongezea kahawa na kumwonyesha pembe nyingine ya nyumba kwa kidole chake chenye hina, akimuuliza huko nako, masikini, kutafaa nini. Alipofika kwenye sare za wahudumu na jina la hoteli kwa herufi za dhahabu, Lennox alikuwa amegeuza ukurasa.

Hatimaye Mkurugenzi akajipangusa makombo. "Basi. Laki moja na themanini. Nakuandikia hundi, mama."

"Bado nyongeza, mzee," akasema Lennox. Akahesabu vijistari kwa ncha ya kalamu, akavihesabu tena kutoka mwisho. "Mipango thelathini na mmoja. Bei iliyo sahihi kwako ni milioni moja, laki saba na thelathini elfu."

Mkurugenzi alicheka. Alipoona anacheka peke yake akaacha.

"Lennox, mimi ni Mkurugenzi."

"Ndiyo, mzee. Nimeandika cheo, kipengele cha pili. Hakiathiri hesabu."

"Hiyo fomu nani aliitunga?"

"Wewe, mzee. Ukasema inawahusu wanunuzi wote bila kubagua, na redio ikakutangaza."

Mkurugenzi akasimama. "Basi siitaki. Nimerudi nyuma. Andika hivyo."

Lennox akapauka. Akaomba ruhusa ya kusoma Kanuni ya Kumi na Tisa, akaisoma kwa sauti, kwa sababu kanuni inataka isomwe kwa sauti. Mnunuzi aliyekwisha kuandikwa hamu kisha akarudi nyuma, atakuwa ameipotezea Idara muda. Bei ya nyumba aliyoikataa itafutwa, na wenyewe wataruhusiwa kuelewana wanavyojua. Na ili mtu huyo aonje uchungu wa muuzaji, nyumba yake mwenyewe itapewa bei iliyo sahihi, na muuzaji wa nyumba aliyoikataa atakuwa na haki ya kuinunua kabla ya mwingine yeyote.

"Wakati wa kuiandika uliniambia itawatia watu adabu," akasema Lennox. Hakuwa akimkejeli. Alikuwa akimkumbusha tu.

"Wakaa wapi, baba?" akauliza Bi Mwanakuu.

Mkurugenzi akageukia ngazi.

"Tudor," akasema Lennox, kwa kuwa swali lilikuwa limeulizwa. "Nyumba ya chini, bibi. Haina hata ngazi moja."

Jumatatu Bi Mwanakuu na Badawi waliuziana kwa laki tisa, kama walivyotaka tangu mwanzo. Jumatano Lennox alikwenda Tudor na Fomu B. Mkurugenzi alikuwa ameomba kuokolewa na serikali, yaani aliwapigia simu wakubwa watatu, na wote watatu walimwambia kwamba wanaisifu sana Idara yake na wasingependa kuiingilia. Kila mmoja wao alikuwa na jirani ambaye nyumba yake alikuwa akitazamia kuinunua kwa bei ya Idara.

Nyumba ilikuwa nzuri, ya matofali, na ukumbi wa mbele wenye kivuli. Bei ghafi ilifika milioni moja na laki mbili, na Mkurugenzi akapata nguvu kidogo. Bi Mwanakuu, aliyeteremshwa ngazi kwa kiti na kuletwa na Fadhiya, alikuwa ameketi ukumbini akinyoosha miguu.

"Kipengele cha thelathini na nne, mzee. Unakumbuka nini kuhusu nyumba hii?"

"Sikumbuki kitu," akasema Mkurugenzi.

Mkewe, Caroline, alikuwa akitoka ndani na sinia ya chai. Akasimama mlangoni.

"Hata siku mliyohamia, mzee?"

"Sikumbuki."

"Mwanao Ketty alipozaliwa?"

"Alizaliwa hospitali. Hiyo ni kumbukumbu ya hospitali."

"Harusi yako si ilifanyika hapa uani?"

Mkurugenzi alimtazama mkewe, kisha akaitazama fomu. Elfu kumi ni elfu kumi. "Harusi gani?" akasema.

Caroline aliweka sinia chini taratibu, akavuta kiti, akakaa mbele ya Lennox.

"Fomu inamtaka mwenye nyumba mmoja, ama hata wa pili?"

"Yeyote mwenye jina kwenye hati, Mama Ketty."

"Langu limo. Bwana Lennox, andika."

Akaanza na harusi. Akaja kwenye dari iliyovuja miaka minne huku bwana akiahidi fundi, kwenye Krismasi tatu alizozila peke yake, kwenye rafiki wa bwana aliyekuja kwa siku mbili akakaa hadi Pasaka. Lennox aliuliza kama kumbukumbu mbaya nazo zihesabiwe, akaangalia kanuni mwenyewe, akakuta kanuni haibagui. Ilipofika adhuhuri vijistari vilikuwa tisini na nane. Bei ikashuka hadi laki mbili na ishirini elfu, na Caroline akasema hata hajafika mwaka wa tisini.

"Bado hamu ya mnunuzi," akasema Mkurugenzi. Akamsogelea Bi Mwanakuu, akachuchumaa mbele ya kiti chake. "Mama, ukumbi huu mzuri. Maua je? Hutaki kupanda maua?"

"La, baba. Yatataka maji."

"Kuta hizi utazipaka rangi?"

"Rangi ipo."

"Binti yako yuko nyumba ya tatu kutoka hapa. Hutaki kutoboa kijilango, mpitiane?"

"Ana miguu yake, yuwapita ndiani."

"Jiko kubwa? Kisima? Chumba cha wageni?"

"Wageni gani, nami sijui mtu huku?"

"Mama," akasema Mkurugenzi, "lazima kuna kitu unachokitaka humu. Utafanya nini?"

Bi Mwanakuu akafikiri kwa haki, maana mtu mkubwa alikuwa amechuchumaa mbele yake na jibu la haraka lingekuwa dharau.

"Nitakaa tu," akasema.

Lennox akaandika "kukaa". Akatafuta kwenye jedwali, ingawa alijua. Kisha akaigeuza fomu, akaisogeza pamoja na kalamu kwa Mkurugenzi, na kumwonyesha mahali, chini kabisa ya ukurasa, ambapo mkuu wa Idara hutia sahihi kuthibitisha kwamba bei hiyo ni ya haki.